Kodi ya Nyumba na Kodi ya Umbali: Mtaalamu Mseja Anapohamia Kilwa au Lindi

Unafuu wa mji, kwa mtu anayeishi peke yake na kutegemea mshahara mmoja, hutokana na uwiano wa mambo matatu: kipato kinachoingia kila mwezi, matumizi yanayojirudia kila mwezi kama kodi ya nyumba, chakula, umeme na nauli, na matumizi yanayokuja mara chache lakini kwa mkupuo, kama safari ya matibabu, msiba wa nyumbani, masomo ya kujiendeleza, au kuhama kwenyewe. Mazungumzo mengi juu ya mji wa kuhamia huishia kwenye kundi la pili, kwa kuwa ndilo jepesi kulitaja. Mtu huuliza chumba ni shilingi ngapi, akitajiwa bei iliyo chini sana ya ile ya Dar es Salaam huona hesabu imekwisha. Katika mwambao wa Lindi, yaani ukanda wa pwani unaoanzia Somanga, kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, na kushuka hadi ghuba ya Lindi, kundi la tatu ndilo huamua kama aliyehamia ataweka akiba au atamaliza mwaka akiwa na madeni, na kwa mseja uzito wa kundi hilo ni mkubwa zaidi kwa sababu hana wa kugawana naye.

Orodha za miji ghali na miji nafuu zinazotangazwa kila mwaka na kampuni za ushauri hazimfai sana msomaji wa aina hii. Kampuni ya Mercer, kwa mfano, hulinganisha zaidi ya miji 200 duniani kwa kuichukua New York kama kipimo, na shabaha yake ni kuyasaidia mashirika ya kimataifa kukadiria posho za wafanyakazi wanaopelekwa ng'ambo. Kapu la bidhaa linalopimwa humo ni la mgeni anayepanga nyumba yenye uzio na kununua jibini, wala si la muuguzi anayenunua kibua wa jioni. Fahirisi ya bei za mlaji inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo husomwa vibaya mara kwa mara, kwani hupima kasi ya kupanda au kushuka kwa bei kati ya kipindi kimoja na kingine, na haisemi kama mji mmoja ni wa bei ya juu kuliko mwingine. Mfumuko wa bei wa asilimia 3 hivi, ambao Tanzania imekuwa nao katika miaka ya karibuni, unaweza kuukuta mji wa gharama kubwa na mji wa gharama ndogo kwa pamoja. Kwa hiyo mseja hana budi kulipanga kapu lake mwenyewe, akianza na swali la nani hasa anayehama.

Wengi wanaohamia Kilwa na Lindi ni watumishi wa umma: walimu, waganga, wauguzi, wahandisi wa maji, maofisa ugani na wahasibu wa halmashauri, ambao kituo cha kwanza hupangiwa na mwajiri na hivyo uchaguzi wao huanza pale wanapofikiria uhamisho. Hapo pana tofauti ya kisheria yenye matokeo ya moja kwa moja mfukoni. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri kwa manufaa ya umma hustahili kulipwa gharama za kuhama, yaani nauli, kusafirisha mizigo na posho ya kujikimu. Anayeomba mwenyewe, ikiwa ni pamoja na wale wanaobadilishana vituo, hujigharimia. Faida ya kuhamia huku ni kwamba mishahara ya serikali hufuata ngazi za taifa zima, kiasi kwamba mwenye cheo fulani hulipwa Lindi sawasawa na mwenzake wa Dar es Salaam. Kima cha chini cha mshahara wa umma, kilichokuwa shilingi 370,000 tangu Julai 2022 na kupandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025, ni kilekile Kilwa Masoko na Kinondoni. Mshahara usiobadilika katika mji wa matumizi madogo ndio msingi wa hoja yote ya kuhamia huku. Kwa mwajiriwa wa kampuni binafsi hoja hiyo hulegea, kwa kuwa waajiri wa miji midogo ni wachache na hulipa kwa kipimo cha hapo hapo. Na kwa anayefanya kazi kwa njia ya intaneti, akilipwa na mteja aliye Nairobi au Dubai, hoja inakuwa na nguvu kuliko kwa wote, mradi umeme usimwangushe.

Kuhusu umeme, kuna kinaya ambacho wakazi hawachoki kukitaja. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho ndani ya Wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme na viwanda. Ilhali miji ya Lindi na Mtwara, kwa miaka mingi, ilitegemea mitambo ya Mtwara iliyokuwa nje ya gridi ya taifa, na hitilafu ya mtambo mmoja ilitosha kuwaweka gizani watu wa mikoa miwili. Anayetegemea kompyuta kwa riziki yake anapaswa kuihesabu betri ya akiba kama sehemu ya gharama za kuhamia.

Kwa miongo mingi kupangiwa Kusini kulichukuliwa na watumishi wengi kuwa ni adhabu, na kiini cha dhana hiyo kilikuwa Mto Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka kwa kivuko, na mvua za masika ziliweza kuifunga njia kwa majuma mengi; hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, cha kama kilomita 60, kiliendelea kuwa cha matope kwa takriban muongo mwingine kabla ya kutiwa lami yote. Leo safari ya kama kilomita 450 kutoka Dar es Salaam hadi Lindi hukamilika ndani ya siku moja, na anayekwenda Kilwa Masoko huiacha barabara kuu pale Nangurukuru, kiasi cha kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, akaelekea baharini kwa karibu kilomita 30 zaidi. Mkoa wa Lindi una eneo linalozidi kilomita za mraba 66,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 1,194,028. Ni mkoa mpana wenye watu wachache, na takwimu hizo mbili zikisomwa pamoja zinaeleza kwa nini ardhi na vyumba ni rahisi na kwa nini kila huduma iko mbali.

Kodi ya nyumba katika miji hii hailipwi mwezi kwa mwezi. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo makubaliano yamebaki kati ya mpangaji na mwenye nyumba, huku desturi iliyoenea nchini ikiwa ni kutanguliza miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, na kumlipa dalali, yaani mtu anayemtafutia mpangaji chumba, ujira ulio sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa hesabu hiyo siku ya kwanza humtaka mgeni awe na mara saba ya ile bei aliyotajiwa. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba chumba cha masta, yaani chumba chenye choo na bafu ndani, ni shilingi 80,000 kwa mwezi, fedha ya kuingilia ni shilingi 560,000, ambayo inazidi mshahara mzima wa mtumishi wa kima cha chini, kabla ya kununua godoro. Wenzi wawili wenye mishahara hugawana mzigo huu. Chumba kina bei moja, alale mmoja au walale wawili. Ndiyo maana mseja anayehamia mji mdogo hufanya vizuri kukaa kwanza nyumba ya wageni kwa majuma mawili matatu, akiuliza wenzake kazini juu ya vyumba vinavyoachwa na wanaohamishwa, kwani katika miji ya watumishi chumba kizuri huachiwa mtu kabla dalali hajakisikia.

Ndani ya chumba chenyewe kuna mambo madogo yanayokula fedha. La kwanza ni Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo tangu mwaka 2021 hutumiwa pia kukusanya kodi ya majengo: katika manunuzi ya umeme hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilichopanda kutoka 1,000 mwaka 2023. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, ila anayeinunua tokeni ni mpangaji, na wachache hukumbuka kuirudisha kwenye hesabu wakati wa kulipa pango. La pili ni mita moja kutumiwa na wapangaji wengi. Mseja mwenye taa mbili na pasi hujikuta akichangia jokofu la familia ya watu sita, na kwa hilo mita ya peke yake inastahili kulipiwa kodi ya juu kidogo. La tatu ni maji. Lindi mjini, mradi wa visima vya Ng'apa, uliochukua miaka mingi kukamilika, ulipunguza shida ya zamani, lakini mitaa ya mlimani haipati maji sawa na ya bondeni. Na kote mwambaoni visima vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvichumvi, yanayofaa kuoshea na yasiyofaa kupikia chai, hivyo maji ya kunywa huwa ni matumizi ya kila siku. Anayekagua chumba na afungue bomba, aonje.

Kuhusu chakula, mwambao huu una bei zake zinazofuata mbalamwezi na upepo, jambo ambalo mtu wa bara hulijua akisha kukaa. Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake huwatawanya, mashua hupumzika, na bei sokoni hupanda, kisha giza likirudi hushuka tena. Pweza hufuata bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hutoka sana, miamba hubaki wazi, na watu hutembea juu yake kusaka. Upepo wa kusi, unaovuma kati ya Aprili na Septemba hivi, huwafanya wenye vyombo vidogo wabaki ufukweni siku nyingi, ilhali majira ya kaskazi huleta bahari tulivu zaidi. Mtu aliyeyashika majira haya hula samaki kwa bei ambayo mkazi wa Dodoma hawezi kuiamini. Asiyeyashika hununua kwa bei ya siku mbaya, tena wa barafu.

Kinyume chake, vile vinavyotoka nyanda za juu hubeba nauli. Viazi mviringo na kabichi hutoka mikoa kama Njombe na Iringa, vikapita Songea na Masasi au vikazungukia Dar es Salaam, na kitunguu kilichosafiri hivyo hakiwezi kuwa cha bei ya shambani. Mseja aliyekulia Mbeya na kuzoea viazi asubuhi na maharage jioni ataiona Lindi ghali; aliyezoea muhogo, mbaazi, nazi na samaki ataiona ni ya bure. Unafuu wa chakula kwa kiasi kikubwa ni unafuu wa mazoea, na mazoea hubadilika polepole kuliko anwani.

Ipo pia shida ya vipimo. Bidhaa za sokoni huuzwa kwa fungu, na fungu limekadiriwa kwa chungu cha familia: nyanya za fungu moja huoza kabla mtu mmoja hajazimaliza, na nazi iliyovunjwa haingoji kesho kwenye joto la mwambao. Wasio na jokofu huwakaanga samaki jioni ili wafike asubuhi, au hufanya kama wengi wafanyavyo na kula kwa mama lishe, ambako sahani ya wali na samaki mara nyingi haizidi sana gharama ya kuipika peke yako ukiingiza mkaa, mafuta na muda. Mpango huo una dosari moja ya msimu: katika mwezi wa Ramadhani sehemu kubwa ya mama lishe hufunga mchana, kwa kuwa wakazi wengi wa pwani hii ni Waislamu, na asiyefunga hulazimika kujipikia kwa mwezi mzima, ingawa jioni meza za futari humfidia, tena mara nyingi kwa mwaliko.

Baada ya hayo ndipo uchaguzi wa mahali hasa unapokuja, na hapa ni vyema kukumbuka kwamba Kilwa ziko tatu. Kilwa Kisiwani ni kisiwa cha magofu, kilichoingizwa pamoja na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na ni kijiji cha wavuvi na wakulima kisichokuwa na soko la ajira kwa mtaalamu. Kilwa Kivinje ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, kisha makao ya utawala wa Wajerumani wa wilaya hiyo. Makao yalipohamia Masoko ulibaki na nyumba zake za mawe zinazobomoka, soko la samaki na Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga. Kilwa Masoko ndiko zilipo ofisi za halmashauri, benki, uwanja mdogo wa ndege na hoteli chache za watalii. Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mtaalamu wa afya, ambaye kazi yake iko Kivinje wakati ofisi inayoshughulikia madai yake iko Masoko. Kuishi Masoko na kufanya kazi Kivinje ni kulipa nauli kila siku, na nauli hiyo ikizidishwa kwa siku za kazi humeza tofauti yoyote ya kodi. Kivinje ni mji wa nafuu kuliko yote mitatu inayozungumzwa hapa, Lindi ikiwamo, na kwa mganga au muuguzi mseja asiyehitaji zaidi ya chumba, samaki na ukimya, ndiyo chaguo bora. Kwa mwingine yeyote, nafuu hiyo ni ya mahali ambapo hakuna cha kununua.

Masoko iko katikati ya mabadiliko. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya kisasa, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260 unaokusudiwa kuhudumia meli za uvuvi wa bahari kuu ambazo hapo kabla hazikuwa na mahali pa kushushia samaki katika pwani ya Tanzania. Miradi ya namna hii huleta mafundi na wahandisi kwa kipindi cha ujenzi, hao hupanga vyumba kwa fedha ya kampuni, na bei ya masta hupanda kwanza kabla ya bei ya kitu kingine chochote. Mseja anayehamia sasa anaingia sokoni akishindana nao. Kama bandari, itakapofanya kazi, italeta ajira za kudumu za wataalamu wa uvuvi, ubora wa chakula, barafu na usafirishaji, Masoko itakuwa mji wa kuchagua kwa sababu ya kipato kuliko kwa sababu ya unafuu.

Lindi mjini una sura nyingine. Uliwahi kuwa makao ya Jimbo la Kusini hadi mwaka 1952, yalipohamishiwa Mtwara kufuatia bandari mpya iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, mpango ambao wakati huo ulikuwa umekwisha kushindwa; Lindi ikabaki na mitaa mipana, maduka ya zamani ya Wahindi na ghuba nzuri isiyo na meli. Kwa mseja wa leo kuporomoka huko kuliacha neema: mji una vipimo vya makao ya mkoa, wakazi wake hawajausonga, na sehemu nyingi za katikati hufikika kwa miguu. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa anayetaka kuendelea na masomo bila kuacha kazi, mabenki, na basi la kwenda Mtwara, kama kilomita 105, ambako kuna uwanja wa ndege mkubwa zaidi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Kwa mtaalamu mseja asiyefungwa na kituo maalumu cha kazi, Lindi ndiyo jibu la busara katika mwambao huu, hata kama chumba chake ni ghali kuliko cha Kivinje.

Sababu ya hukumu hiyo ni ile kodi ya pili, ya umbali. Mtu wa Kivinje akihitaji daktari bingwa hana budi kusafiri. Akitaka mtihani, cheti, kipuri cha kompyuta au miwani, husafiri. Na kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi, malazi, na siku za kazi zilizopotea. Mambo manne matano ya namna hiyo kwa mwaka yanaweza kula akiba yote iliyotokana na pango dogo. Zaidi ya hapo, barabara yenyewe bado si ya kutegemewa siku zote. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, mvua zilivunja barabara kuu katika maeneo ya Somanga na kwingine wilayani Kilwa, na magari ya abiria na ya mizigo yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Mwenye familia hapo hapo huvumilia pamoja na wengine. Mseja ambaye mama yake mgonjwa yuko Morogoro hujifunza siku hiyo bei halisi ya kuishi upande wa pili wa Rufiji.

Kuna kundi la gharama ambalo halionekani katika orodha yoyote ya utafiti, nalo ni la ujirani. Uchumi wa mkoa huu hufuata ufuta na korosho, mazao yanayouzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hukabidhi mzigo kwenye ghala kupitia chama cha msingi, hupewa hati, na hulipwa baada ya mnada. Minada ya ufuta huanza kati ya Mei na Juni, ya korosho hufika kilele kati ya Oktoba na Desemba, na kati ya misimu hiyo fedha huadimika. Mwenye mshahara wa kila mwezi, asiye na mke wala mume wala watoto wanaoonekana, huhesabiwa mtaani kuwa ndiye mwenye nafasi, na kuanzia Februari hivi hadi minada ya ufuta hugeuka benki ndogo isiyo na riba. Mwaka 2018, bei za mnada wa korosho zilipokataliwa na serikali ikaamua mwezi Novemba kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yakachelewa kwa wakulima wengi, na hali hiyo ya ukata iliendelea kupita kipindi chake cha kawaida. Michango nayo haina msimu: harusi, ngoma za unyago, msiba, ujenzi wa msikiti au kanisa. Mgeni anayekwepa yote hujiwekea akiba ya fedha na kupoteza kila kitu kingine, kwa kuwa katika mji mdogo watakaomchukua hospitalini usiku ni hao hao majirani. Kilicho cha busara ni kuitengea michango kiwango katika bajeti kama inavyotengewa Luku.

Kwa mwanamke mseja uchaguzi wa nyumba una masharti ya ziada. Nyumba nyingi za zamani za mwambao zina vyumba vinavyoelekea ua mmoja, na maisha ya uani hayana siri. Mwenye nyumba hutaka kujua wageni ni akina nani na wameondoka saa ngapi, na swali la ndoa huulizwa kabla ya swali la kazi. Wengine huona ua huo ni ulinzi bora kuliko mlinzi wa kulipwa, na wengine hulipa zaidi ili kupata nyumba yenye mlango wake. Hakuna sababu ya kumlaumu yeyote kati yao, isipokuwa kwamba hiyo tofauti ya bei ihesabiwe tangu mwanzo, kwa kuwa mwanamume mseja mara nyingi hahitaji kuilipa.

Kishawishi cha mwisho ni kununua kiwanja. Pwani hii ina kumbukumbu ya kale ya biashara ya namna hiyo: simulizi za Kilwa husema kwamba Ali bin Hassan, aliyetoka Shiraz, alikinunua kisiwa kwa mtawala wake kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka, na muuzaji alipotaka kurudi kukitwaa kwa kuvuka maji yakiwa yametoka, mnunuzi akauchimba mkondo ukawa wa kina. Wanahistoria hawaichukulii kama ilivyo, na uchunguzi wa mambo ya kale unaonyesha mji uliokua kutokana na wenyeji wake. Lakini kama habari ya mnunuzi asiyeamini kwamba muuzaji ameondoka kweli, haijachuja. Leo kinachopandisha bei ni kiwanda kilichopangwa kujengwa Likong'o, kaskazini mwa Lindi mjini, cha kugeuza gesi asilia ya kina kirefu cha bahari kuwa kimiminika kwa ajili ya kuuzwa nje, mradi unaokadiriwa kugharimu zaidi ya dola za Marekani bilioni 40, ambao mazungumzo yake kati ya serikali na kampuni zikiwamo Equinor na Shell yamevuka muongo mmoja. Mtwara uliwahi kupitia matumaini kama hayo kati ya mwaka 2010 na 2015. Ardhi ilipanda, hoteli zikajengwa, kisha shughuli za utafutaji wa gesi zikapungua na vyumba vikakosa wageni. Mtaalamu mseja mwenye akiba ndogo hapaswi kuifunga katika kiwanja kinachosubiri saini za watu wengine, hasa kama hajaishi katika mji huo masika moja na kusi moja.

Anayeweza kuchagua mwezi wa kuhama na achague Juni au Julai, baada ya mvua kubwa na mwanzoni mwa mwaka wa fedha wa serikali, kwani malipo ya uhamisho hutegemea fungu la bajeti, na madai yanayowasilishwa fungu likiwa limekwisha hugeuka malimbikizo. Mizigo iwe michache. Friji, jiko la gesi na vifaa vya kazi vinastahili nauli ya lori kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa maduka ya huku huviuza vikiwa vimeongezwa nauli hiyo hiyo na faida juu yake. Kitanda, meza na kabati havistahili. Misitu ya Kilwa na Liwale hutoa mninga na mpingo, na baadhi ya vijiji vya Kilwa vimekuwa vikivuna mbao kwa kibali cha kimataifa cha usimamizi endelevu tangu mwaka 2009, hivyo fundi seremala wa mtaani, akipewa vipimo vya chumba na malipo ya awali ya nusu, huchonga kitanda cha mninga ambacho mjini Dar es Salaam kingeuzwa dukani kwa mtu mwenye mshahara mkubwa zaidi. Nusu iliyobaki alipwe kitanda kikisha kuingia mlangoni.